Mwaka Tuliopimwa kwa Mizani ya Tumbaku

Simu iliyoniletea habari za kifo cha Sensei Maganga, mwalimu wangu wa karate, ilinikuta jikoni kwangu Morogoro, nikigombana na binti yangu juu ya kopo. Binti yangu huenda kunyanyua vyuma kila jioni, na kopo lenyewe ni la unga wa protini, kubwa kama ndoo ndogo, lenye picha ya mwanamume asiye na shingo. Nilikuwa namwambia kwamba mimi katika umri wake nilibeba mizigo begani kutoka Kanyenye mpaka Kwihara kwa nguvu za karanga na maziwa ya mgando, naye akanijibu, "Mama, hizo ni enzi zenu," kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Ndipo simu ikaita. Kijana nisiyemjua akanieleza kwamba mzee ametutoka, amezikwa jana, na hitima yake itasomwa siku ya arobaini nyumbani kwake Tabora. "Ameacha orodha ya watu wa kuarifiwa," akasema. "Wewe ni wa pili." Sikumuuliza wa kwanza ni nani, maana nilijua.

Wa kwanza alikuwa Nyamizi, na hawezi kuwa mwingine. Nimeshaishi miaka arobaini na tisa, nimeolewa, nimezaa, nimefanya kazi jeshini mpaka goti likanikatalia, na bado nikiulizwa ni mwaka gani ningeomba nirudishiwe hata kwa wiki moja, nitataja ule niliokuwa na miaka ishirini, nikiishi kwa shangazi yangu Ipuli na kushinda ukumbini na Nyamizi. Ningeuomba kwa sababu sijawahi kupendwa na rafiki namna ile. Ningeuomba pia kwa sababu kuna neno nilipaswa kumwambia mwaka ule nisimwambie, na neno hilo ndilo lililonipa mimi maisha haya na kumwacha yeye pale pale. Nilipokata simu nilimwambia binti yangu naenda Tabora kuhani. Sikumwambia kwamba naenda kutubu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya safu ya mafundi cherehani Kanyenye, chumba kirefu cha matofali mabichi kilichowahi kuwa stoo ya mwarabu mmoja muuza nguo. Sakafu ilikuwa ya udongo tulioukandika wenyewe kila mwezi, na kabla ya mazoezi tuliinyunyizia maji ili vumbi litulie, kwa hiyo harufu ya ukumbi ule ilikuwa harufu ya mvua hata katikati ya kiangazi. Sensei Maganga alikuwa fundi wa karakana ya reli. Vyuma vyetu vya kunyanyua alivitengeneza yeye: ekseli ya kitoroli cha wakaguzi wa njia, na kila upande kopo la rangi lililomiminwa saruji. Upande mmoja ulikuwa mzito kidogo kuliko mwingine, naye alikataa katakata kuusawazisha. Alisema mwili unaozoea mzigo ulionyooka utakuja kupata aibu siku ukikutana na mtu. Ukutani alitundika kipande cha boksi alichokiandika kwa mkaa: MAYAI. KARANGA. DAGAA. MGANDO. ASALI KIJIKO KIMOJA. SODA NI SUMU. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu yote ya lishe, na niseme ukweli, baada ya kulipiwa kozi mbili na jeshi sijaona kilichoongezwa cha maana.

Lakini jambo lililotufanya tuonekane vichaa mjini lilikuwa mzega. Mzega ni mti wa kubebea begani, mzigo mmoja mbele na mwingine nyuma, na Sensei aliamini kwamba hakuna mazoezi ya miguu na kiuno yaliyowahi kuuzidi. "Babu zenu walitoka hapa na pembe begani wakaiona bahari," alikuwa anatuambia, "wakarudi na nguo na chumvi. Hawakuwa na sensei. Nyinyi mnashindwa Kwihara?" Basi kila Jumanne na Ijumaa alfajiri tulifunga mifuko ya mchanga kwenye mizega na kushika njia ya zamani ya misafara, wavulana saba na wasichana wawili, peku, kwa mwendo wa haraka ambao si kutembea wala si kukimbia. Akina mama waliokuwa wanakwenda kisimani walitupisha wakicheka. "Mwangaluka, wapagazi!" walitusalimu, na sisi tuliitikia bila kusimama, kwa kuwa aliyesimama alirudia njia. Bega langu la kulia lina sugu mpaka leo. Mume wangu aliwahi kuniuliza ni la nini, nikamwambia ni la ujana.

Nyamizi alikuwa mbele yangu siku zote kwenye njia ile. Alinizidi mwaka mmoja, alitoka Nzega, na alikuwa amepanga chumba Kanyenye, hatua hamsini kutoka ukumbini. Kazi yake ilikuwa kukaanga maandazi. Alianza kukanda baada ya sala ya alfajiri, siku za mzega alikanda kabla, na ilipofika saa mbili alikuwa amekaa barazani na karai lake la mafuta, akigeuza maandazi kwa mti mrefu, uso umeng'aa kwa joto. Mtu asiyemjua angedhani anakula sehemu ya anachokaanga. Kwa mwaka mzima niliokaa naye sikumwona akitia andazi moja mdomoni, hata lile lililopasuka. "Haya ni ya watu wenye nafasi ya kunenepa," alisema. Chumbani mwake mlikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na msumari ambao alitundika nguo zake nyeupe za karate, safi kuliko shuka lake. Nikifika kutoka Ipuli nilikuta chakula chetu kimefunikwa: michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoichemsha akairojesha kwa karanga za kutwanga, au ugali wa muhogo na mlenda na dagaa wa Kigoma. Alikuwa anagawa kwa jicho, akasukuma sahani yangu kwangu, halafu akachota kutoka sahani yake kijiko kimoja na kuniongezea. "Wewe mwembamba, kula. Upepo wa Kwihara utakuja kutuibia mtu." Siku hizi nakula vizuri kuliko wakati ule, nyama nikiitaka ipo, na bado kuna jioni natamani kile kijiko kimoja.

Yeye alikuwa bora kuliko mimi, na ni vizuri niliseme wazi mapema. Mimi nilikuwa na pumzi na ubishi. Nyamizi alikuwa na teke la kuzunguka ambalo hukuliona linaanza, uliona tu limefika, nalo lilisimama upana wa kidole kutoka kwenye shavu lako bila kukugusa. Wavulana walikataa kusimama naye wakisingizia vifundo vya miguu. Kwa hiyo Sensei alipotangaza, mwezi wa tano, kwamba mwezi wa kumi kutakuwa na mashindano ya wanawake ya kanda kule Mwanza, na kwamba ukumbi wetu umepewa nafasi ya mshindani mmoja na msaidizi mmoja wa akiba katika kundi la wasiozidi kilo hamsini na tano, hakuna aliyeuliza nani ni nani. Sensei aliongeza jambo lingine, taratibu, akimtazama Nyamizi: walimu wa timu ya jeshi watakuwepo, wanatafuta wasichana, na atakayefika fainali ataondoka na kazi. Jioni ile Nyamizi alizima jiko mapema, akakaa kitandani akitazama mikono yake iliyojaa makovu ya mafuta. "Rehema," akaniambia, "nikipata hii kazi sitaki kusikia harufu ya mafuta ya moto mpaka nife. Na wewe nitakuita. Lazima nitakuita."

Tatizo lilikuwa uzito. Nyamizi alikuwa na mifupa mizito, na Sensei hakutaka kubahatisha, kwa hiyo alitafuta mizani. Mlinzi wa ghala moja la tumbaku nyuma ya stesheni alikuwa rafiki yake, na ndani ya ghala lile kulikuwa na mizani ya kupimia marobota, ya chuma, yenye jukwaa pana na uso wa duara kama saa ya stesheni. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda huko. Tulivua viatu, tukapanda jukwaani mmoja mmoja katikati ya harufu ile ya tumbaku kavu inayokaba koo, na Sensei akainama kusoma namba akaiandika kwenye daftari lake la kazini. Mwezi wa sita Nyamizi alisoma hamsini na saba na nusu, mimi hamsini na mbili. Sensei akampa miezi minne apunguze kilo tatu polepole, bila kujinyima kijinga. Hatukuwa na sababu ya kuishuku ile mizani. Ilikuwa kubwa, ilikuwa nzito, na watu wazima waliuza mavuno yao ya mwaka kwa kuitazama yenyewe.

Nyumba ya shangazi Ipuli ilijaa wageni kila msimu wa soko la tumbaku. Mume wake alikuwa na shamba upande wa Isikizya, na wenzake wakileta marobota mjini walilala kwetu, wakaoga, wakakaa uani kwenye mikeka wakila ugali wa jioni kabla jua halijazama. Kazi yangu ilikuwa kunawisha na kuongeza mboga. Ilikuwa mwezi wa saba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la kisamvu niliposikia mgeni mmoja, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akimwambia mume wa shangazi: "Ile mizani ya nyuma ya stesheni inakula kilo tatu. Kila robota, kilo tatu. Tumepima kwetu, tumepima misheni, tumekuja hapa, tatu hazipo." Mume wa shangazi akauliza kama wamemwambia mnunuzi. "Tumwambie nini? Yeye ndiye aliyeifunga hivyo." Wakacheka kile kicheko cha watu waliokata tamaa, wakaendelea kumega tonge. Nikaweka bakuli mkekani. Nakumbuka mume wa shangazi aliniambia, "Ahsante mwanangu," na mimi nikarudi jikoni.

Hesabu yake haikuhitaji shule. Mizani iliyopunguza tumbaku ilitupunguza na sisi. Nyamizi aliyejiona amebakiza kilo moja na nusu alikuwa amebakiza nne na nusu. Njia ya kutoka Ipuli hadi chumbani kwake ilikuwa ya nusu saa, na jua lilikuwa bado lipo. Ningeenda jioni ile ile. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake ilikuwa siku ya mzega, nikatembea nyuma yake mpaka Kwihara na kurudi nikiitazama shingo yake inayotoka jasho, neno likiwa mdomoni kabisa, nikasema moyoni tukifika. Tulipofika akanipa maji kwanza kabla ya kunywa yeye. Nikanywa, nikanyamaza. Nikajiambia wakulima hawaishi kulalamikia mizani, nikajiambia labda ni mizani nyingine. Maghala nyuma ya stesheni yalikuwa mengi, lakini lililokuwa likinunua msimu ule lilikuwa moja, nami nilijua. Nimejaribu maisha yangu yote kuikumbuka siku ambayo kusita kuligeuka kuwa nia, na sijaipata. Ninachojua ni kwamba mpaka kufikia mwezi wa nane nilikuwa nasubiri. Nilimpenda Nyamizi, na niliitaka nafasi yake, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari alisoma hamsini na nne na nusu. Sensei alimwinua juu akamzungusha humo ghalani, mzee mzima, mlinzi akapiga makofi. Mimi nilisoma hamsini na moja. Nyamizi alinikumbatia kwa nguvu, mbavu zake zikanichoma, maana alikuwa amebaki mifupa na misuli mitupu. Wiki zile za mwisho alikula yai asubuhi na sahani ya mlenda jioni, na katikati alikaanga maandazi.

Tulifika Mwanza kwa treni asubuhi, bila kunywa hata chai. Kupima kulikuwa saa nne, katika darasa la shule moja karibu na ziwa. Wanawake tulipimwa ndani, mapazia ya kanga yametundikwa madirishani, na mama mmoja mwenye miwani ndiye aliyesoma namba. Sensei alibaki nje barazani. Nyamizi alipanda kwanza. Yule mama akatazama, akamwambia ashuke apande tena. "Hamsini na saba na nusu," akasema. "Umezidi mbili na nusu, mwanangu. Una mpaka saa saba." Sitausahau uso wa Nyamizi. Hakulia wala hakubisha. Alitazama tumbo lake, akaliwekea mkono, kama mtu aliyesalitiwa na kitu chake mwenyewe. Halafu nikapanda mimi, na mizani ile ya kweli ikasema hamsini na nne, yule mama akaiandika tu bila kuitamka. Kilo zangu tatu zilikuwa pale pale, ushahidi wote umekamilika, na aliyeuona ni mimi na yule mama ambaye hakujua chochote cha Tabora. Nyamizi alikuwa ameshageuka anavaa.

Nje, Sensei aliposikia habari za Nyamizi alishika kichwa. Kisha akanigeukia, na alikuwa mtu mwenye akili, akauliza swali lile lile ambalo ningeliuliza mimi. "Na wewe umesoma ngapi?" Kama ningesema hamsini na nne, angeelewa papo hapo. Angeelewa kwamba kosa ni la mizani, angekwenda kwa waandaaji, angeomba, pengine wangemsikiliza na pengine wasingemsikiliza, lakini Nyamizi angejua. Nikasema, "Hamsini na moja, Sensei. Kama nyumbani." Akaitikia kwa kichwa polepole. Akamtazama Nyamizi bila ukali, kwa masikitiko tu, na hayo ndiyo yaliyommaliza. "Basi kimbia, mwanangu," akamwambia.

Alivaa masweta mawili, langu na la Sensei, na juu yake mfuko wa nailoni tuliotoboa matundu ya mikono, akakimbia kando ya ziwa kati ya yale majabali, jua la mwezi wa kumi likiwaka. Mimi nilikimbia naye. Nilimwambia nitamsindikiza, na nilimsindikiza masaa mawili na zaidi, nikimhesabia hatua, nikimfuta jasho machoni kwa kanga yangu. Alitema mate kwenye kopo kupunguza hata yale. Kila alipojikwaa nilimshika. "Nimefanyaje, Rehema?" alikuwa ananiuliza, akihema. "Nimekula nini mimi?" Nami nilikuwa namwambia, "Usiseme, tunza pumzi." Saa saba kasoro alipanda tena. Hamsini na sita na robo. Yule mama mwenye miwani alivua miwani yake akamwambia pole.

Nilipigana badala yake. Ningependa kusema kwamba nilipigana vibaya, lakini nilipigana kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na Nyamizi alikuwa kando ya mkeka akinipigia kelele, sauti imemkauka kwa kiu, "Kiuno, Rehema! Kiuno!" Nilifika fainali, nikashindwa kwa pointi moja, na kabla sijavua mkanda mwanamume mwenye kofia ya jeshi alikuwa anaandika jina langu. Mwezi wa kwanza nikaondoka Tabora. Nyamizi alinisindikiza stesheni na kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na asali kwenye chupa, akanishika mashavu yote mawili kwa mikono yake yenye makovu. Aliniandikia barua mbili. Nilijibu ya kwanza. Ya pili nilishindwa, maana aliniuliza ndani yake kama jeshini wana mizani nzuri.

Hitima ilisomwa asubuhi, watu walijaa mpaka barabarani. Nilikula wali uani na wanawake bila kumwona Nyamizi, nikaanza kupumua, nikidhani labda hakuja. Kumbe alikuwa jikoni akisimamia masufuria. Alitoka akijifuta mikono, mwanamke mnene sasa, mvi zimemwanza pembeni, mwendo wake ni ule ule wa mzega. Aliponiona alipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Rehema wee! Mpagazi wangu!" Alinibana kifuani na mimi nikalia kama mtoto, na wanawake wakasema kwa kweli huyu alimpenda mzee.

Alasiri alinipeleka ukumbini. Matofali ni yale yale, sakafu sasa ni ya saruji. Wasichana kama kumi na tano walikuwa wanafanya mazoezi, na walipotuona walisimama mstari. "Shikamoo mama!" "Marahaba wanangu," nikaitikia. Nyamizi ndiye anayewafundisha, tangu Sensei alipopoteza macho. Aliniwekea mkono begani. "Huyu ndiye Dada Rehema ninayewasimulia. Ndiye aliyetutoa kimasomaso Mwanza. Nafasi ilikuwa yangu mimi, lakini mimi nilishindwa na tumbo. Na mnajua ninachowaambia kila siku." Wasichana wakaitikia kwa pamoja, kwa mazoea, "Mdomo kwanza, ngumi baadaye!" Mmoja wao, mwembamba sana, alikuwa ameshika kiuno kwa uchovu. Nilitazama mifupa ya shingo yake.

Nikamwomba Nyamizi tutoke nyuma. Kulikuwa na ngazi mbili za zege, tukakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Morogoro, njia nzima nimeyapanga, nayo yote yakapotea. Nikamwambia tu. Wageni wa shangazi, bakuli la kisamvu, kilo tatu. Nikamwambia na ile hamsini na nne yangu, na swali la Sensei, na nilivyojibu. Hakunikatiza. Ndani wasichana walikuwa wanahesabu mateke.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa saba."

"Wa saba. Na kule ziwani, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Nilisubiri anipige, na ningeshukuru. Alikuwa anatazama ukuta wa mbele. "Kwenye treni nilikula," akasema hatimaye. "Hukuniona. Ulikuwa umesinzia. Nilikuwa na kipande cha tobolwa kwenye mfuko wa gauni, nimekificha kwa ajili ya baada ya kupimwa. Njaa ikanishinda, nikaenda nacho chooni nikakila humo humo, nimesimama, kwa aibu. Kipande kimoja hiki." Akanionyesha ncha ya kidole. "Nikajua ni hilo. Miaka yote hii, Rehema. Sensei alipokuwa anakufa nilimwomba radhi kwa ajili ya kile kipande. Alinisamehe. Mwaka juzi nilimfukuza binti hapa, mzuri, ana teke kama langu, kwa sababu nilimkuta na chapati siku mbili kabla ya kupima. Hajarudi tena."

"Nisamehe," nikasema.

"Ngoja kwanza." Aliinua kiganja, macho yake yamejaa, uso wake ukifanya kitu ambacho sikukielewa, kama unataka kucheka na hauwezi. "Kwa hiyo sikuwa mlafi," akasema. Aliyasema tena, polepole, akijisikiliza. "Sikuwa mlafi mimi. Nilikuwa nimeweza. Nilikuwa nimeweza kila alichoniambia."

"Uliweza vyote."

Akainuka. Nilimnyooshea mkono anivute, kama zamani, kwa sababu ya goti langu. Hakuushika. Alisimama mlangoni, akapiga makofi mara mbili, na ukumbi ukanyamaza. "Kaeni chini," akawaambia wasichana. "Dada Rehema atawasimulia habari za Mwanza. Nilizowaambia mimi hazikuwa za kweli." Kisha naye akaenda kukaa sakafuni, mwisho wa mstari, karibu na yule mwembamba, akakunja miguu na kunyoosha mgongo kama mwanafunzi. Nikabaki nimesimama peke yangu mbele yao, na Nyamizi akanitazama, akisubiri kusikia anavyosemwa. Nikaanza kwa kuwaambia kwamba hajawahi kutokea msichana katika ukumbi ule aliyejua kujizuia kama yeye.